Dawa za Kufuli Mbili: Asiyeandikwa Hahesabiwi

Akina mama wengi wametuuliza swali hili, wengine kwa upole na wengine kwa hasira. Kwa nini muuguzi akitoa dawa ya homa humaliza kwa dakika moja, lakini akitoa dawa ya kifafa au ya maumivu makali ya saratani huandika mstari mzima daftarini, huhesabu vidonge mara mbili, humwita mwenzake atie sahihi, kisha humtaka na mama mwenyewe ahesabu alichopokea? Mgonjwa anaumia. Jua linapanda. Gari la kurudi mlimani halimngoji mtu. Je, daftari limekuwa na thamani kuliko mgonjwa?

Swali hili ni la haki, na hatuna budi kulijibu. Sisi wauguzi tunaosaidiana na akina mama wa kanisa kuwatembelea wagonjwa hapa Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, tumeona mara nyingi jinsi mstari mmoja ulioandikwa vizuri unavyomwokoa mtu, na jinsi mstari uliosahauliwa unavyomwumiza mwingine asiyehusika kabisa. Tungependa mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hili, kwa sababu mama wa nyumba ndiye anayepokea dawa hizi mkononi, ndiye anayezitunza, na ndiye anayemnywesha mgonjwa usiku watu wote wakiwa wamelala.

Ni dawa zipi hizi?

Katika kila hospitali pana kabati dogo lenye kufuli mbili. Wauguzi wa zamani huliita kabati la DDA, jina lililobaki kutokana na sheria ya zamani ya dawa za hatari. Ndani yake hukaa morfini na pethidini, ambazo hutuliza maumivu makubwa kama yale ya upasuaji au ya saratani. Ziko pia dawa nyingine zinazotolewa kwa uangalizi, kama diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, na fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu ambacho kimewasaidia wagonjwa wa kifafa kwa zaidi ya miaka 100.

Dawa hizi zina sura mbili. Kwa mgonjwa anayezihitaji, katika kipimo chake, ni rehema kubwa. Kwa asiyezihitaji, au zikizidi kipimo, zinaweza kumlewesha mtu, kumfanya mtumwa wake, au kumzuia kupumua hata akafa. Kwa hiyo mataifa yalikubaliana kuzisimamia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unahusu morfini, pethidini na jamii yake. Mkataba wa mwaka 1971 unahusu nyingine, zikiwamo diazepamu na fenobabitoni. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, na tuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019.

Watu wengi wakisikia maneno "kudhibiti" na "sheria" hufikiri habari hii ni ya polisi tu. Lakini mkataba huohuo wa 1961 unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu ya wanadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana. Sheria ina mikono miwili: mmoja unamzuia mwizi, na wa pili unamfikishia mgonjwa dawa yake. Mikono yote miwili inaongozwa na daftari.

Asiyeandikwa hahesabiwi

Tuchukue mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Ametibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kisha amerudi nyumbani Morogoro. Maumivu yamemzidi. Ocean Road wamekuwa wakichanganya unga wa morfini na maji na kupata dawa ya kunywa, ambayo mgonjwa hutumia akiwa kitandani kwake bila kuchomwa sindano. Mama huyu amepewa chupa yake. Ikiisha, binti yake hupanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua nyingine.

Sasa tujiulize: huku kwetu, nani anajua kwamba mama huyu yupo? Kama jina lake halimo katika kitabu cha hospitali ya karibu, basi mfamasia anapojaza mahitaji yake kwenda Bohari ya Dawa, hana sababu ya kuomba morfini. Karatasi inaonyesha hakuna mgonjwa. Wizara nayo hukusanya takwimu za namna hiyo kutoka kila mkoa. Na kila mwaka nchi yetu, kama nchi nyingine zote, hupeleka makadirio ya morfini itakayohitaji kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna, Austria. Nchi haipaswi kuagiza kupita makadirio hayo bila kuyarekebisha kwanza.

Angalieni basi safari ya mstari mmoja. Unaanzia kitandani kwa mgonjwa, unapita katika daftari la muuguzi, leja ya mfamasia, Bohari ya Dawa na Wizara, mpaka Ulaya, kisha unarudi ukiwa chupa ya dawa. Ukikatika mwanzoni, hakuna kinachorudi. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa haagiziwi dawa. Hii ni sababu mojawapo ya watu wengi katika nchi maskini kufa kwa maumivu, ilhali morfini ya kunywa ni dawa rahisi kutengeneza na si ya gharama kubwa.

Jirani zetu wa Uganda walilitambua jambo hili mapema. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Uingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993 na kuanza kutumia morfini ya kunywa. Waganga ni wachache na vijiji ni vingi, kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake ikawaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliosomea huduma hiyo waandike morfini wao wenyewe. Heshima ya namna hiyo hapewi mtu asiyeweza kuonyesha kila mililita ilikokwenda. Kitabu safi ndicho kinachoifanya serikali imwamini muuguzi.

Habari ya Mahenge

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta faida ya kumbukumbu. Katika mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, kule Mahenge wilayani Ulanga, alifika daktari mwanamke aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta watu waliotengwa. Watu waliamini kwamba mate na povu la mgonjwa huambukiza, hivyo mtu akianguka motoni au mtoni wengine waliogopa kumgusa. Wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto. Alianza kuwatibu kwa fenobabitoni.

Dawa ilipofanya kazi, watu walishangaa. Lakini ajabu kubwa zaidi kwetu sisi wauguzi ilikuja baadaye. Mwaka 1992 yeye na mwenzake, Daktari Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameacha kabisa kuanguka kwa sababu ya dawa. Taarifa ilieleza pia waliokufa walikufaje, na kati yao walikuwapo waliozama majini, walioungua, na walioanguka mfululizo bila kuzinduka. Mwaka huohuo Daktari Rwiza na wenzake walitoa taarifa nyingine ya uchunguzi wa watu 18,000 hivi katika vijiji 11 vya Ulanga. Walikuta kwamba karibu watu 10 katika kila 1,000 wana kifafa.

Miaka 30 ni umri wa mtu mzima. Katika muda huo wauguzi huhama, madaktari hustaafu, na watoto huwa wazazi. Kichwa cha mtu hakiwezi kubeba habari za watu 164 kwa muda huo wote. Maandishi yanaweza. Na kwa maandishi hayo dunia ilijua kwamba kifafa cha Mahenge kinatibika, na kwamba kuwaacha wagonjwa bila dawa ni kuwaacha wafe.

Wema usioandikwa

Tunakumbuka kisa cha kituo kimoja, ambacho hatukitaji. Jumapili moja alifika mzazi aliyeishiwa dawa ya mtoto wake wa kifafa. Mtumishi wa zamu alimhurumia, akafungua kabati, akampa vidonge 14 vya kumfikisha mwisho wa wiki. Alitenda jambo jema, lakini hakuandika. Daftari lilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa.

Jumatatu hesabu ikapungua vidonge 14. Mtumishi yule alikuwa amekwenda likizo. Wakubwa wakasema pana wizi, na dawa yote ikafungiwa mpaka uchunguzi umalizike. Katika siku hizo za kungoja alifika mama mwingine kutoka vijiji vya juu na kadi yake mkononi, akaambiwa arudi wiki ijayo. Mtoto wake alikuwa amefikia kidonge cha mwisho. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko awali. Mtoto yule alianguka mara nyingi usiku mmoja, akaletwa hospitali akiwa hajitambui. Bwana alimhifadhi, akapona.

Hakuna mwizi aliyepatikana, maana hakuwapo. Palikuwa na huruma isiyoandikwa. Mtoto mmoja alisaidiwa, na mwingine akalipa. Ndiyo maana tunawaomba akina mama msitukasirikie tunapokataa kutoa dawa hizi mlangoni, njiani au baada ya ibada, hata kama anayeomba ni ndugu, jirani au mzee wa kanisa. Kidonge kinachopitishwa pembeni hutolewa katika fungu la mgonjwa fulani ambaye hatumwoni wakati huo.

Namna inavyoandikwa

Yafaa mama ajue daftari zuri lina nini, ili aweze kutusaidia. Kila mstari huonyesha tarehe na saa, jina kamili la mgonjwa na namba ya jalada lake, jina la dawa na nguvu yake, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichobaki kabatini, jina la aliyeandika dawa, sahihi ya aliyetoa na sahihi ya shahidi. Zamu zikipokezana, anayetoka na anayeingia huhesabu pamoja.

Kinachomwagwa nacho huandikwa. Ampuli ya morfini ina miligramu 10 na mgonjwa ameandikiwa 5. Basi zile 5 zilizobaki humwagwa mbele ya shahidi, na wote wawili hutia sahihi. Mwandishi akikosea hafuti wala hapaki rangi nyeupe. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, huandika iliyo sahihi, hutia tarehe na sahihi. Daftari lenye makosa yaliyosahihishwa waziwazi linaaminika kuliko lisilo na kosa hata moja.

Nukta na sifuri zinaweza kuua. Ukiandika "1.0" na nukta isionekane vizuri, msomaji ataona 10. Ukiandika ".5" ataona 5. Kwa hiyo tunaandika 1 na 0.5. Dawa ya maji inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mililita hupima wingi wa maji na miligramu hupima dawa iliyomo. Ipo chupa ya morfini yenye miligramu 5 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 katika mililita 5. Kijiko ni kilekile, lakini cha pili kina dawa mara kumi. Mama akipewa chupa mpya, asome nguvu iliyoandikwa hata kama rangi inafanana na ya zamani, na asipoelewa aulize kabla ya kuondoka.

"Saa 4" ni lini?

Hapa tunafika kwenye kosa linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Daktari anaandika: "mililita 5 kila saa 4." Yeye ana maana kwamba zikipita saa nne, mgonjwa anywe tena. Mama anasoma na kuelewa kwamba dawa hunywewa inapofika saa 4, yaani saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mgonjwa anapata dozi mbili kwa siku mahali pa tano au sita, na maumivu yanamtesa mchana kutwa. Watu husema dawa haifai, kumbe hajainywa.

Lipo na lingine. Hospitali huandika saa kwa namna ya Kizungu. Kwenye karatasi imeandikwa dozi ya mwisho ilitolewa 10:00. Mama anasoma saa 10, akihesabu ni alasiri, kumbe ilikuwa saa 4 asubuhi. Tofauti ya saa 6 ni kubwa kwa dawa kama morfini.

Tiba yake ni rahisi. Mwombe muuguzi akuandikie saa zenyewe kwa Kiswahili cha nyumbani: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kama daktari ameagiza dozi ya kulalia iwe kubwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane, nayo iandikwe wazi. Kwa bibi asiyesoma, chora jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalozama na mwezi. Vivyo hivyo bahasha ya vidonge ikiwa na alama "1×3", usiwe na haya kuuliza. Maana yake ni kidonge kimoja kutwa mara tatu.

Funzo la Uingereza

Wapo wanaodhani daftari ni la kuwakamata wauguzi wadogo wa nchi maskini. Tuitazame Uingereza. Katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, alikuwapo daktari aliyependwa sana na wazee, Harold Shipman. Mwezi Januari mwaka 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua wagonjwa 15. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mwanamke, Dame Janet Smith, iliona kwamba aliua watu 215. Silaha yake ilikuwa dawa ya jamii ya morfini.

Aliipata wapi? Aliiandika kwa majina ya wagonjwa wasioihitaji, na alichukua iliyobaki katika nyumba za wagonjwa waliofariki, ambako hakuna aliyehesabu. Pia aliongeza maneno ya uongo katika kumbukumbu za kompyuta ili vifo vionekane vya kawaida, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imehifadhi tarehe na saa alizofanya hivyo. Mwaka 2004 tume ilitoa taarifa nzima juu ya dawa za namna hii, na baadaye taratibu za kuzifuatilia zikakazwa.

Hatusimulii habari hii ili mama amwogope daktari wake. Madaktari wa namna ile ni wachache mno. Twataka tu ionekane kwamba sifa nzuri ya mtu haitoshi kuwa mlinzi wa dawa, hata katika nchi tajiri, na kwamba dawa inayobaki baada ya msiba haipaswi kusahaulika kabatini.

Wajibu wa mama nyumbani

Nyumba nayo ni kama wodi ndogo, na mama ndiye muuguzi wa zamu. Tunashauri mambo haya:

1. Mgonjwa awe na jina moja. Huku kwetu mtu ana jina la ukoo, jina la ubatizo, na watoto wakizaliwa anaitwa Mama Fulani. Leo anaandikwa hivi, kesho vile, na jalada linakuwa mawili. Chagueni moja na mlitumie kila mahali, pamoja na namba ya jalada.

2. Msifiche jina kwa sababu ya aibu. Tumewaona wazazi wanaotoa jina la uongo la mtoto mwenye kifafa wakihofia hatapata mchumba. Mtoto huyo akiletwa hospitali hajitambui, hakuna atakayejua anatumia dawa gani wala kwa kipimo gani. Muuguzi amefungwa na wajibu wa kutunza siri, na mama ana haki ya kudai siri hiyo itunzwe.

3. Kadi iende kila kliniki. Hili ni kubwa kwa wanawake. Fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vya vipandikizi, na hugongana na baadhi ya dawa za VVU. Muuguzi wa kliniki ya uzazi asipoiona kadi ya kifafa, mama atashangaa kupata mimba asiyoitarajia. Na akiwa mjamzito asiache dawa mwenyewe, bali amwone mganga mapema.

4. Hesabu pamoja na mtoaji. Mgonjwa akipewa vidonge 60, viwili kila usiku, ni vya siku 30. Akirudi baada ya usiku 28, vinatakiwa vibaki 4. Vikibaki 20, ana usiku 8 ambazo hakunywa. Vikiisha kabla, huenda kuna mwingine anayevichukua. Tunapouliza idadi hatumshtaki mtu. Tunataka kujua shida iko wapi.

5. Andika kila dozi palepale. Daftari la shule la kawaida linatosha: tarehe, saa, kiasi, na maumivu yakoje. Usiandike dozi tatu kwa mpigo jioni, na usiandike kabla mgonjwa hajameza. Nyumba yenye wauguzaji watatu isipoandika, mgonjwa atanyweshwa mara mbili, au hatanyweshwa kabisa.

6. Funga dawa. Sanduku lenye kufuli ni bora kuliko kikapu cha mwanzini. Mtoto mdogo huona dawa ya rangi akadhani ni juisi. Kijana naye anaweza kushawishiwa kuiuza.

7. Usimgawie mwingine, hata kama dalili zake zafanana. Kipimo cha mtu aliyezoea morfini kinaweza kumuua ambaye hajawahi kuinywa.

8. Ikimwagika au ikipotea, sema siku hiyohiyo. Habari ya mapema huandikwa kuwa ajali, lakini ikichelewa huonekana kama wizi.

9. Mgonjwa akipona au akiitwa na Bwana, rudisha iliyobaki. Ihesabiwe mbele yako, iandikwe, nawe utie sahihi. Tunajua ni vigumu kufikiri juu ya chupa wakati wa matanga. Hapo ndipo akina mama wa kanisa tunaweza kumsaidia mfiwa. Mmoja wetu amwambie kwa upole, amsindikize au aende pamoja na ndugu.

Siku hizi vituo vingi vya serikali vina kompyuta na mfumo wa GoTHOMIS, na vile vitabu vyetu vya MTUHA vimepata mwenzi. Tunashukuru, maana majalada hayapotei ovyo kama zamani. Lakini kompyuta haihesabu vidonge vilivyomo kabatini, na haijui kama mgonjwa alimeza au alitema. Hayo yanahitaji jicho la mtu na sahihi ya mtu.

Uwakili ulio wazi

Ndugu wasomaji, Biblia nayo inajua habari za kuhesabu. Katika Ezra sura ya 8 tunasoma jinsi Ezra alivyowakabidhi makuhani fedha, dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu kabla ya safari ndefu kutoka Babeli. Watu hawa walikuwa makuhani, watakatifu wa Bwana. Hata hivyo aliwapimia kila kitu kwa mizani walipopokea. Walipofika Yerusalemu kikapimwa tena, na uzito wote ukaandikwa. Mtume Paulo naye, katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, alipopeleka sadaka ya maskini hakwenda peke yake. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia.

Ezra hakuwahesabia makuhani kwa kuwa aliwaona ni wezi. Aliwahesabia ili wafike wakiwa na heshima yao na hazina ikiwa kamili. Nasi tunaotoa dawa, na ninyi mnaozipokea, tumekabidhiwa hazina ya watu wanaoteseka. Basi utakapokuja kwetu na foleni ikawa ndefu kwa sababu muuguzi anaandika, vumilia kidogo, mama. Sogea karibu, taja jina kamili la mgonjwa wako, hesabu vidonge pamoja naye, na usiondoke kabla hujaona mstari wake umeandikwa.